Koti Jeupe la Kule Juu

Maneno yalianzia kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na mama fundi cherehani akarudi nayo nyumbani pamoja na unga wake. Kwamba kule juu, kwenye ule uwanda wa baridi usio na nyumba wala mti, yuko mwendesha pikipiki anayesimama kando ya barabara ukungu ukishuka, akainua mkono. Ukimsimamia, umekwisha. Baridi yake inakuingia mifupani na haitoki tena, unaletwa kwenu umekauka kama kuni.

Alijaribu kuyapuuza. Akikanyaga cherehani, maneno yanazunguka na gurudumu. Akilala, yanamwamsha. Na angeyasahau vipi, wakati mwanawe wa pekee alikuwa hapo uani akikaza bolti za mwisho za pikipiki ya kwenda hukohuko?

Kijana huyo wenzake wa gereji walimwita Msumari, kwa wembamba. Pikipiki aliiunga mwenyewe kwa vyuma vya kuokoteza, tangi la hii, injini ya ile, na gereji nzima ilimcheka.

"Hiyo ikivuka kona ya kwanza, mimi nakula spana," alisema mmoja wao.

"Anza kutafuta chumvi," Msumari akajibu.

Akaapa kuuvuka uwanda wote peke yake hadi mji wa upande wa pili, kisha kurudi, ili wamjue. Mama yake alimlilia, akamnunia, mwisho akaamua kumfichia ufunguo. Hakuona ufunguo wa kuficha. Pikipiki ile iliwashwa kwa kugusanisha nyaya mbili.

Basi akafanya anachokiweza. Alikata turubai jeupe la koti, kwa kuwa jeupe linaonekana mbali, wenye malori wasije wakamgonga mwanawe kwenye ukungu. Ndani akatia bitana nzito. Kola akaitoa kwenye blanketi la mistari ya buluu, lile alilombebea Msumari mgongoni alipokuwa mchanga. Matundu ya vifungo aliyabana makusudi, upepo usije ukavifungua. Yeye mwenyewe, na vidole vyake vya kazi, ilibidi ang'ate ulimi ndipo kifungo kipite.

"Mama, hili siyo koti, ni jela."

"Vaa. Na mtu akikuinulia mkono kule, usisimame."

"Hata akiwa mrembo?"

"Hasa akiwa mrembo."

Akaondoka asubuhi anacheka. Kule juu simu hazishiki, kwa hiyo mama akabaki na kazi moja tu, kuonya. Kila mteja aliyekuja kupunguza suruali alitoka na suruali na habari za yule wa kule juu. Hata shemeji yake hakumwacha, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa akipitisha lori la mbao kwenye barabara hiyohiyo.

"Shemeji, ukiona mkono umeinuliwa, kanyaga mafuta."

"Mimi hata trafiki akiinua mkono nakanyaga mafuta," shemeji akasema, na wakacheka wote wawili.

Siku ya Msumari kurudi ikafika, ikapita. Mama akaanza kushona vitu na kuvifumua.

Mchana mmoja shemeji akaingia bila kubisha hodi. Hakudai chai, hakumtania. Alikaa kwenye benchi la wateja, kofia mkononi.

"Nimemwona."

"Nani?"

"Yule wako wa kule juu. Jana, ukungu umeshuka. Kasimama kando ya barabara, mkono juu. Nikafanya kama ulivyoniambia, nikapiga honi, nikakanyaga mafuta. Akanikimbilia, shemeji. Alilikimbilia lori mpaka nikaogopa kutazama kioo."

"Kavaaje?"

"Mweupe wote, kama sanda. Isipokuwa shingoni. Shingoni palikuwa na mistari."

Cherehani ikasimama. Mama hakuuliza mistari ya rangi gani. Aliinamia kapu la vipande, akachakura hadi chini, akatoa kipande cha blanketi kilichobaki na kukiweka juu ya goti la shemeji yake.

Yule mwanamume alipitisha kidole kwenye mistari yake ya buluu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nimempita mtoto wa kaka yangu."

Hawakufunga hata mlango.

Lori lilipanda kwa gia ndogo. Miti ikaisha, nyumba zikaisha, zikabaki nyasi zilizoganda, na upepo uliolia kwenye vyuma vya bodi kama mtu anayeita bila kujua jina lako. Mama alifuta kioo kwa kiganja, kikajaa mvuke, akafuta tena. Shemeji alianza kusema "Ningejua," akaishia hapo.

Ndipo ukungu ukafunguka kidogo wakamwona. Mweupe, mkono juu.

Safari hii shemeji alikanyaga breki hadi lori likaserereka. Mama akaruka chini na kukimbia, akalikumbatia lile koti, na ndani yake hamkuwa na mtu. Lilikuwa limevishwa nguzo ya alama ya barabarani, limefungwa vifungo vyote hadi cha shingoni. Mkono mmoja ulikuwa umeganda ukiwa juu, mgumu kama ubao.

Akasikia chuma kinagongwa chini ya barabara, polepole. Alimkuta kwenye kalavati, amejikunyata nyuma ya pikipiki na shati tu mwilini. Alikuwa anagonga tangi kwa kiwiko, maana vidole havikunjiki. Cheni ilikuwa imekatika.

Wakampakia mbele, wakamfunika kila kilichokuwemo. Mama alichukua vidole vya mwanawe akavitia kwapani mwake mwenyewe. Ncha zake zilikuwa zimeshakuwa nyeusi.

"Malori yalikuwa yanapita," Msumari akasema sauti ilipomrudia. "Yakiniona yanaongeza mwendo. Baba mdogo, wewe nilikujua kwa honi."

Shemeji akageuzia uso dirishani.

"Ila mmoja alisimama. Wa pikipiki, hana taa. Tumekaa naye humo usiku kucha. Kila nikisinzia ananitikisa. Ananiambia, mimi nililala, wewe usilale."

"Yuko wapi sasa?" mama akauliza.

"Alikuwa anatetemeka kuliko mimi, mama. Anasema kila anayemwinulia mkono anamkimbia. Kulipokucha nikampa koti. Akasema atasimama yeye barabarani badala yangu."

Mama akavitazama tena vile vidole.

"Vifungo ulivifunga wewe?"

"Vifungo gani?"

Shemeji alishika kitasa cha mlango, akauliza kama alichukue lile koti.

"Liache," mama akasema. "Anasikia baridi."

Lori lilipogeuza, mama alitazama kioo cha pembeni mpaka ukungu ukafunika nguzo. Mkono uliokuwa juu ulikuwa umeshuka.

Msumari yu hai. Spana inamtoka mikononi, na ukungu ukishuka hata huku mjini, anakwenda kusimama mlangoni anasikiliza. Mama hamkatazi. Siku hizi kila mteja anatoka na suruali yake na habari nyingine, kwamba mwenye kijana wa pikipiki amwambie aepuke haya:

Kwenda kule juu peke yake.

Cheni ya kuokoteza.

Koti jeupe kwenye ukungu. Avae jekundu, au la njano.

Kulala akikwama, hata akiona mwili umepata joto ghafla.

Kulisambaza neno la kwenye foleni kabla hajajua linamhusu mtoto wa nani.

Kumpita mtu aliyeinua mkono, hata awe nani.