Kama Mrefu Asingeenda Kazini

Siku ya mjadala wa riwaya, watu walikuwa wengi kuliko viti katika chumba cha nyuma cha maktaba, hata wengine wakakaa juu ya maboksi ya magazeti ya zamani. Kitabu kilichowaleta kiliitwa *Mlango wa Jana*, nacho kilikuwa kimepita mikono mingi hadi jalada likalegea. Kilisimulia habari za mwanamke aliyepata njia ya kurudi nyuma, akaenda kuuzuia moto ulioteketeza mji wao zamani. Akafaulu. Waliokufa wakawa hawakufa. Lakini aliporudi kwenye wakati wake alikuta nyumba yake ina watu wengine, na binti yake hayupo. Hakuwa amekufa, wala hakuwa amepotea. Hakuwahi kuzaliwa.

"Nililia dukani mpaka wateja wakanipa pole, wakidhani nimefiwa," alisema mfamasia, mwanamke mcheshi ambaye kwa kawaida hulia kwa kucheka tu.

"Mimi hakikuniingia akilini," alisema askari mstaafu. "Mtu abadilishe historia nzima halafu asihojiwe na yeyote? Hata kibali hana!"

Chumba kizima kikacheka. Kijana mmoja aliyekaa dirishani akasema mwandishi amewaonea wasomaji: amewarudishia mji mzima kisha amewanyang'anya mtoto mmoja ili walie. Mfamasia akamgeukia na kumuuliza kama amewahi kuwa na mtoto. Kijana akageukia dirisha.

Ndipo mkutubi, ambaye sauti yake ilikuwa ya kuamrisha hata anapobembeleza, akapiga meza. "Haya, tumwache mwandishi apumue. Wewe ungekuwa na mlango ule, ungerudi wapi? Ungebadilisha nini?"

Majibu yalikuwa ya mizaha zaidi. Askari mstaafu alisema angerudi siku ya harusi yake, abadilishe viatu tu, maana vilimbana mpaka picha zote akatoka amenuna. Zamu ikazunguka, ikamfikia Mama.

Mama alikuwa mshonaji, mwanamke mkimya aliyezoea kukaa na pini mdomoni. Pembeni yake alikaa binti yake wa pekee, fundi wa miwani, ambaye mji wote ulimwita Miwani. Ni yeye aliyemletea mama yake kitabu kile, ni yeye aliyemshawishi aje.

"Mimi ningerudi asubuhi ile ya machimbo," Mama alisema. "Ningesimama mlangoni nimwambie Mrefu asiende."

Kicheko kilikatika. Mfamasia alimtazama Miwani, akaona haya, akatazama dari.

"Lakini mama," mkutubi alisema taratibu, "kwenye kitabu..."

"Najua. Nimekisoma mpaka mwisho."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mrefu alikuwa mume wa kwanza wa Mama, mpasua mawe katika machimbo yaliyoko nje ya mji. Asubuhi ile ilikuwa siku yake ya kupumzika, lakini mwenzake wa zamu, aliyeitwa Nyundo, alikuwa taabani kwa homa, naye Mrefu akaenda kumshikia nafasi. Ukuta wa mawe ukaporomoka. Nyundo alipopata nafuu alikuja kumsalimia mjane, akaja tena kumtengenezea paa, na baada ya muda mrefu akamwoa. Miwani alikuwa mtoto wa Nyundo. Kwa hiyo hesabu ya lile jibu kila mtu aliweza kuifanya mwenyewe: Mrefu akibaki nyumbani, Nyundo anajikokota kazini na homa yake na kubaki chini ya mawe, na Miwani hayupo popote.

Walirudi nyumbani bega kwa bega bila kulizungumzia. Mama aliulizia bei ya uzi kwenye duka la kona. Miwani alimshika mkono kuvuka barabara kama kawaida, na mkono ule ukamshangaza kwa kuwa wa moto.

Tangu siku ile baridi ilimwingia Miwani. Asifikiri mtu kwamba alikasirika. Kukasirika kungemwondolea uzito. Alikuwa dukani kwake akisaga vioo, akipima macho ya watu, akiwaambia "soma mstari wa chini", na katikati ya maneno akajikuta akiwaza nani angekuwa amesimama pale. Labda pangekuwa kinyozi. Labda ukuta usingevunjwa, pangebaki kichochoro cha kupitia paka. Mteja mmoja mzee, akijaribu miwani mpya, alimtazama usoni akasema, "Sasa nakuona." Miwani alijibu "Asante" kwa sauti iliyotetemeka, mzee akadhani amemkosea.

Nyumbani ilikuwa vibaya zaidi. Ukutani sebuleni kulikuwa na picha ya Mrefu, pale pale ilipokuwa siku zote, akiwa amepakata kofia ya kazi na kucheka kwa upande mmoja wa mdomo. Miwani alikua akiipita kama anavyopita kabati. Sasa aliipita akiwa ameinamisha kichwa, kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba. Kiti cha ukumbini, kilichozoea kulia kikikaliwa, kilianza kulia wakati hakuna aliyekikalia; au pengine kililia hivyo siku zote na yeye ndiye aliyeanza kusikia.

Mfamasia alipita dukani kumwona. "Usimchukulie mama yako vibaya, mdogo wangu. Kitabu ni kitabu."

"Dada, wewe ulisema ungerudi wapi?"

"Mimi? Nilisema ningerudi kununua kile kiwanja kabla hakijapanda thamani." Akatabasamu, kisha tabasamu likafifia. "Niliogopa kusema la kweli. Mama yako hakuogopa."

Baba yake Miwani, yaani Nyundo mwenyewe, hakuwa amehudhuria mjadala. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe ambao hata binti yake, pamoja na vioo vyake vyote, hakuweza kuuondoa. Habari zilimfikia hata hivyo. Mji mdogo hauhitaji gazeti. Jioni moja alimwita. "Hebu nisomee hicho kitabu kinachotuua mimi na wewe."

Miwani alicheka, kicheko cha kwanza tangu maktabani, kisha akaanza kusoma. Baba alisikiliza akiwa amefumba macho, mikono yake mikubwa imelala juu ya magoti. Walipofika pale mwanamke anaporudi na kumkosa mtoto wake, alimwambia asimame kidogo.

"Unaonaje, baba?"

"Mwandishi anajua kupanga maneno." Akafikiri. "Lakini huyu mwanamke alikosea. Alikwenda peke yake. Mambo kama hayo mtu haendi peke yake."

"Wewe hukuumia alichosema mama?"

"Mwanangu, mimi nimelala kitanda kimoja na Mrefu tangu kabla hujazaliwa. Yupo katikati pale. Nikigeuka usiku, naomba samahani kabla sijavuta shuka." Alisema bila utani, ingawa maneno yalikuwa ya utani. "Mlango ukigongwa leo akawa ni yeye, mimi ndiye nitakayekwenda kufungua. Nitamwambia, karibu, tulikuwa tunakushikia nafasi."

Miwani akafunga kitabu.

Alfajiri iliyofuata, kabla jua halijatoka, alisikia komeo la mlango wa mbele likivutwa. Alitoka chumbani akamkuta Mama amesimama kizingitini, mlango uko wazi, ameshika fremu kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia ng'ombe asipite. Alikuwa amevaa gauni la kulalia. Nje barabara ilikuwa tupu, ya rangi ya majivu.

"Usiende leo," Mama alikuwa akisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba. Leo usiende."

Miwani alidhani mama yake anaota akiwa amesimama. Akasogea kumshika bega, Mama akageuka, naye alikuwa macho kabisa.

"Sijarukwa na akili," Mama alisema. "Nafanya hivi kila asubuhi tangu nilipokimaliza kitabu chako. Siku ile nilikuwa nimelala. Alitoka kimya kimya asiniamshe, viatu ameshika mkononi. Nilikuja kuamshwa na watu. Mimi sikuwahi kusimama hapa, unanielewa? Huyu wa kwenye kitabu alisimama akauzuia moto. Mimi nilikuwa nimelala."

Binti alisimama ukumbini, miguu yake pekupeku juu ya saruji baridi. Mama alirudi kutazama barabara, mgongo wake ukiwa mdogo kuliko alivyoukumbuka. "Usiende," alisema tena.

Miwani hakupanga alichofanya. Alipita chini ya mkono wa mama yake, akatoka nje hadi kwenye ngazi, akageuka wakatazamana, naye akiwa upande wa barabara, upande wa mtu anayeondoka. Moyo ulimpiga kana kwamba kuna kitu kweli kinaweza kutokea, kana kwamba akitamka tu atayeyuka pale pale, na duka lake, na vioo vyake, na jina lake.

"Sawa," alisema. "Siendi."

Mama aliiachia fremu, akakaa kizingitini na kulia kilio ambacho Miwani hakuwahi kukisikia ndani ya nyumba ile, kilio cha mwanamke kijana. Miwani alisimama akisubiri kutoweka. Upepo ulipita. Jirani alifungua dirisha, akaona, akalifunga taratibu.

"Mtoto wangu yuko wapi?" Mama aliuliza ghafla, ameinua uso, kama mtu aliyezinduka sokoni akakuta mkono wake hauna mtu.

"Niko hapa, mama."

"Njoo basi. Utashikwa na baridi."

Walikaa pamoja pale chini. Baba alitokea akipapasa ukuta, akauliza nani amefungua mlango. Walimwambia. Alikwenda kuchemsha maji, na kwa kuwa haoni vizuri, chai ilitoka na majani mengi mno, wakainywa hivyo hivyo, chungu.

"Jibu langu ni lile lile," Mama alisema akiwa ameshika kikombe. "Sitakudanganya, na hata ukinichukia sitalibadilisha. Ningemwambia asiende. Halafu ningekutafuta wewe maisha yangu yote bila kujua ninachokitafuta."

Miwani alitamani jibu jingine. Hakuna mtoto asiyetamani. Lakini lile ndilo alilopewa, na alilipokea.

Siku ya mapumziko Mama aliomba jambo ambalo hakuwahi kuliomba: apelekwe machimboni. Kazi ilikuwa imekoma huko zamani, na shimo lilikuwa limejaa maji ya mvua, ya kijani, yaliyotulia kama jicho lisilopepesa. Baba aliongozwa kwa mkono hadi ukingoni. Aliuliza waliposimama ni wapi, Miwani akamweleza: kuna jiwe kubwa lililogawanyika, kuna mabaki ya ngazi ya chuma. Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba amepatambua.

"Zamu ikiisha tulikuwa tunaitana kutoka juu," alisema. "Asiyeitika anafuatwa."

Akaweka viganja mdomoni, akavuta pumzi, na kwa sauti ambayo binti yake hakujua kama bado anayo, akaita: "Mrefu! Oyaa, Mrefu! Zamu imekwisha!"

Mawe ya upande wa pili yakalipokea jina, yakalirudisha, kwanza zima, kisha nusu, kisha pumzi tu.

"Ameitika," Mama alisema.

"Ni mwangwi, mke wangu."

"Najua ni mwangwi."

Hata hivyo hakuna aliyegeuka kuondoka. Walisimama watatu wakiyatazama maji, Mama akiwa amemshika Miwani mkono kwa nguvu, kucha zimemzama kwenye ngozi. Miwani aliziacha zimuume. Alikuwa akisubiri pamoja nao, akiogopa kwamba Mrefu hatakuja, akiogopa pia asije akaja kweli. Na maji yalipotikisika katikati, pengine kwa samaki, pengine kwa kokoto, wote watatu, hata yule asiyeona, walisogea hatua moja mbele.