Mstari wa Kumi na Mbili

"Usinichezee shere! Mvua imenyesha tangu alfajiri, nguo zangu zinachuruzika, zako kavu kama karatasi. Na kamba ni moja!" alifoka Mama Pacha wa chumba cha kumi na moja.

"Mvua ilifika kwako ikaishia hapo," alijibu Bibi Vifungo, mshonaji wa chumba cha kumi na mbili, huku akianua. "Nikaiite?"

"Na mbu je? Wanangu wamejaa vipele, wewe huna hata kimoja!"

"Nao wanaishia kwako. Watandikie mkeka."

Majirani waliojazana uani waliangua kicheko. Dada Miwani wa chumba cha tatu hakucheka. Mambo hayo yalianza Jumatatu, na mwenye kuyaanzisha alikuwa yeye.

Alifanya kazi ofisi ya nyumba, kwenye kompyuta kongwe isiyoelewa ila maagizo madogo madogo: chukua hiki, toa kile, ikibaki sifuri ni sawa, shuka mstari mmoja, rudia. Nyumba yao ilikuwa karibu kubomolewa, na wapangaji wote kumi na wawili waliahidiwa vyumba vipya. Aliambiwa alinganishe orodha mbili, ya wapangaji na ya watakaohamia. Mashine huanza kuhesabu na sifuri, kwa hiyo wa kumi na mbili kwake ni namba kumi na moja. Dada Miwani aliandika: ikiwa chini ya kumi na moja, rudi juu. Ilipofika kumi na moja ikatoka. Mstari wa mwisho haukuguswa. Mashine ikasema sawa, mkuu wa ofisi akagonga muhuri, na tangu hapo kila kilichopita uani kiliishia kwa Mama Pacha.

Siku hiyo hiyo ya ugomvi, Dada Miwani alirekebisha agizo lile moja. Mashine ikajibu: tofauti moja. Kwenye orodha ya watakaohamia, mstari wa mwisho ulikuwa na jina la shemeji wa mkuu.

Alimweleza mkuu yote, na mvua asiifiche.

"Mwanangu," mkuu alisema, akichonga penseli, "jibu lenye muhuri ni lile la kwanza. Hili la pili ni maoni ya mashine."

"Sasa bibi atalala wapi?"

"Si umesema mwenyewe mvua haimpati?"

Jioni Dada Miwani alirudi nyumbani, akasimama katikati ya uani, akasema mbele ya wote kosa lake na la mkuu. Bibi Vifungo aliendelea kutunga uzi.

"Kumbe ndiyo maana," alisema. "Jana Mama Pacha alipakulia milango yote, kufika kwangu upawa ukatoka mtupu. Nikadhani ni chuki."

"Chuki ilikuwepo," alisema Mama Pacha, "lakini si ya kukunyima chakula." Akafunua sufuria, akasogeza kiti kilichokuwa karibu na mlango. "Njoo ndani, bibi. Leo napakua kuanzia kwako."