Wimbo wa Uchaguzi wa Tisini na Tano

Luhaga alikuwa mtangazaji wa redio ndogo mjini Bariadi, na kipindi kilichompa jina ni kile cha Jumamosi asubuhi, ambamo alisimulia historia ya jimbo lao na wabunge wake. Kazi hiyo aliipenda kuliko nyingine zote. Alikwenda mpaka Zagayu kuwasikiliza waliopiga kura enzi za chama kimoja, wagombea wawili wakipewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba, na wakulima wa pamba wakibishana vilabuni kama kweli mtu anaweza kuliacha jembe akachagua nyumba. Alisimulia jinsi jimbo lilivyokuwa pana hadi vijiji vingine vikamjua mbunge wao kwa picha tu, na jinsi watu walivyogombana lilipogawanywa, kila upande ukitaka mnada wa ng'ombe ubaki kwake. Wasikilizaji walimpigia simu hata kutoka Lamadi. Akipita sokoni, akina mama wa nyanya walimwita mwalimu wa jimbo, naye alijifanya hasikii ili waite tena.

Mwaka huu wa uchaguzi, kampeni zilipoanza kupamba moto, kipindi kikafika mwaka wa tisini na tano, uchaguzi wa vyama vingi uliporudi. Huo ndio mwaka aliokuwa akiusubiri. Kati ya wagombea wa ubunge alikuwepo mwanamke mmoja tu, Yusta, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika huko Nkoma. Wakulima walimpenda kwa sababu mizani yake haikuwa na ujanja. Mikutano yake ilijaa kuliko ya wanaume. Kisha, kura zikiwa karibu, akajitoa bila kumwambia mtu sababu, akatoweka na nyumba yake ikafungwa. Jimbo zima lilimcheka. Wakasema kaogopa jukwaa, kaogopa wanaume, mwisho kaogopa ngoma.

Ngoma yenyewe ilikuwa ya Salu, baba yake Luhaga. Salu alikuwa manju, kiongozi wa kikundi cha waimbaji, na mwaka ule kikundi chake kiliimba wimbo wa kumsuta Yusta kwenye kampeni za mpinzani wake. Alikuwa ameshafariki, lakini kanda ya wimbo ule ilibaki, na Luhaga alikuwa ameihamishia kwenye kompyuta ya studio kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayeosha kitu cha thamani.

Jumamosi hiyo aliupiga wimbo mzima. Sauti ya baba yake ilitoka safi, ngoma chini yake, wanakikundi wakiitikia. Mistari mingine aliwatafsiria Kiswahili wasiojua Kisukuma, mingine akairuka, akisema hiyo inajieleza yenyewe. Akacheka hewani. Akasema baba yake alimwangusha mgombea kabla hata ya sanduku la kura kufunguliwa. Simu zikamiminika, watu wakiomba wimbo urudiwe, naye akaurudia.

Kesho yake, baada ya ibada, alikwenda kijijini kumwona mama yake, Benedikta. Njia nzima alikuwa akifikiria atakavyompokea, maana ni miaka mingi mama hajaisikia sauti ya mumewe. Alimkuta ameketi mlangoni akipepeta choroko. Akachuchumaa kumsalimia. Mama aliitikia salamu, lakini ungo haukusimama. Luhaga akauliza kama alisikiliza. Mama akasema alisikiliza mpaka ubeti wa tatu, kisha akazima redio.

"Ule ubeti unasemaje?" akamuuliza.

Luhaga aliujua kwa moyo. Ubeti ulikuwa unamuuliza Yusta macho ya mama aliyemzaa yana rangi gani, na kwa nini ndama wa majirani hufa naye analala usingizi. Alijibu kwamba ni utani tu, waimbaji wa ngoma siku zote hutaniana.

Mama akauweka ungo chini. "Wewe umekua huku. Kikongwe mwenye macho mekundu akiimbwa mbele za watu, nini kinafuata?"

Jibu Luhaga alikuwa nalo. Kwa miaka mingi alikuwa amesoma kwenye taarifa ya habari majina ya vikongwe waliokatwa mapanga kwa kuitwa wachawi, macho yao yakiwa yameharibiwa na moshi wa kuni na samadi tu. Aliyasoma kwa sauti nzito ya huzuni, kisha akaendelea na hali ya hewa. Na wimbo huu alikuwa ameusikia tangu utotoni, akaucheza, akautafsiri, akaruka mistari palepale alipotakiwa kusimama. Hakuweza hata kusema hakuelewa maneno.

Mama akamweleza yaliyobaki. Wiki ile wimbo ulipoanza kuimbwa na watoto wachunga ng'ombe, watu wasiojulikana walikutwa wakizunguka kaya ya mama yake Yusta. Yusta akaenda kumchukua mama yake, akampandisha kwenye lori la pamba, wakahamia Lamadi kwa ndugu. Akajitoa kwenye uchaguzi kwa sababu aliona wimbo hautakoma mpaka yeye akome. Kikongwe alikufa huko miaka mingi baadaye, kwa uzee wake, na ndipo Yusta akarudi kulima shamba la kwao.

"Baba alijua?" Luhaga akauliza. Alitaka sana jibu liwe hapana.

"Alijua. Watu wa kampeni walimletea maneno, yeye akayapanga." Benedikta akaurudia ungo wake. "Hakuuimba tena baada ya uchaguzi. Lakini kanda hakuitupa, na wewe ukaona ni urithi."

Luhaga aliondoka bila kula. Siku zilizofuata alitangaza kama kawaida, lakini kila mtu aliyempongeza kwa kile kipindi alimfanya atamani kujificha. Mwisho akachukua pikipiki yake akaenda Nkoma. Mashamba yalikuwa meusi, wakulima wakichoma mabua ya pamba, na moshi ukamfuata hadi uani kwa Yusta.

Alimkuta mwanamke mrefu, amezeeka vizuri, amekaa kwenye kigoda akitengeneza mpini wa jembe. "Mwadila, mayu," akamsalimia kwa Kisukuma, akimwita mama. Yusta akainua uso kabla hajajitambulisha.

"Ni wewe wa redioni," alisema. "Sauti ni ya baba yako."

Hakuna maneno ambayo yangemchoma zaidi, ingawa yalisemwa bila ukali. Mjukuu wa Yusta, msichana aitwaye Anna, akamletea mgeni michembe, viazi vitamu vikavu vilivyopikwa kwa karanga, na maji ya kunawa, akapiga goti kwa heshima, akasema kwa furaha kwamba Jumamosi huwa wanamsikiliza. Luhaga alinawa, lakini mkono haukwenda kwenye bakuli. Yusta akamtuma msichana kisimani.

Walipobaki wawili, Luhaga alijaribu kusema. Alikuwa amejipanga njia nzima, naye ndiye mtu wa kuongea bila karatasi, lakini maneno yalitoka vipande vipande. Alisema amekosa, na baba yake alikosa. Alisema Jumamosi ijayo atalieleza jimbo zima kwa nini Yusta alijitoa, kwamba hakuwa mwoga, kwamba alikuwa anamwokoa mama yake. Alipofika hapo alihisi kifua kinalegea kidogo, kama mtu aliyeona njia.

"Hapana," Yusta akasema.

Akamweleza polepole. Wajukuu zake wanauona wimbo ni utani tu, hawajui yaliyokuwa nyuma yake. Wameoa na kuolewa vijiji vya jirani, Anna mwenyewe posa yake iko njiani. "Ukisema mama yangu alisingiziwa uchawi, watu watabeba neno moja tu, na si hilo la kusingiziwa. Wanione mwoga. Mwoga anaolewa, na watoto wake wanaolewa."

Luhaga akamuuliza siku ile alikuwa wapi wimbo ulipopigwa. Yusta akasema alikuwa dukani kununua sabuni. Redio ilikuwa juu, watu wakicheka, wakimtazama. "Nikacheka nao," alisema. "Ukinyamaza wanakuangalia zaidi."

"Basi nifanye nini, mayu?"

"Unyamaze. Hata mimi nimenyamaza, na mimi nilikuwa na la kusema." Akainama kwenye mpini wake, akamkumbusha kwamba chakula kinapoa, na kwamba Anna akirudi akakikuta hakijaguswa atauliza sababu. Luhaga akala. Alikula bakuli lote, na msichana aliporudi na ndoo akamshukuru kwa chakula kitamu.

Jumatatu alikwenda kwa meneja wake, Jenifer, mama wa kutoka Bukoba ambaye Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu. Akamwomba kipindi kisimame na ule wimbo ufutwe kwenye kompyuta. Jenifer alishangaa. Alisema ndicho kipindi kinachosikilizwa kuliko vyote, tena uchaguzi ndio huu, wafadhili wanagombania nafasi. Akataka sababu. Luhaga akasema amechoka. Jenifer akasema anamjua mtu aliyechoka, na yeye hajachoka. Hata hivyo kipindi kikaondolewa, na Jumamosi hiyo ikapigwa miziki.

Mji haukukubali kwamba mtu anaacha tu. Ikasemwa kuwa kuna mgombea ambaye babu yake angeguswa kwenye sehemu inayofuata, na kwamba Luhaga amepozwa kwa pesa. Akina mama wa nyanya waliacha kumwita. Fredrick, kinyozi wake, alimwambia akimnyoa kwamba yeye haamini uvumi, lakini mtu mwenye akili angejitokeza akanushe. Chini ya mashine Luhaga alijitazama kwenye kioo, akajua kwamba hata huko kunyamaza kwake hakufanani na kwa Yusta, kwa kuwa yeye alistahili kusemwa vibaya, na Yusta hakustahili.

Jioni moja mkewe, Minza, alirudi kutoka kwenye kikundi cha akina mama kanisani akiwa amenuna. Alitenga chakula, akaketi mbele yake, akamuuliza moja kwa moja kama ni kweli alihongwa.

"Si kweli," Luhaga akasema.

"Basi niambie ilikuwaje, niwajibu."

Luhaga akamwambia hawezi. Minza akangoja, mikono yake mapajani, uso wake ukiwa bado upande wa mumewe. Kisha akainuka akaanza kukusanya vyombo, na tangu siku hiyo hakumuuliza tena, wala pale kanisani hakumtetea.