Mikono ya Mkunga

Mkunga alikuwa akimenya viazi waziri wa fedha aliposema redioni kwamba nyongeza ya mshahara kwa watumishi wa umma haitazidi asilimia moja, na kwamba kila mtu ajikune anapofikia.

Mumewe, mwalimu, alizima redio. "Unga wenyewe umepanda mara mbili," alisema. "Tujikune wapi?"

Kesho yake mkunga alishindwa kufunga sidiria. Mikono yake ilikuwa imefupika. Ya mumewe vilevile. Siku hiyo aliandika nusu ya chini tu ya ubao. Mama mkwe, ambaye pensheni yake haijapanda tangu astaafu, mikono yake ilikuwa imeishia viwikoni zamani, na wote walidhani ni uzee.

"Mtazoea," aliwaambia walipokuwa wakihangaika na chai. "Kiinamieni kikombe."

Kila bei ilipopanda, mikono ilipungua. Wodini wakunga walipiga magoti, wakaegemea vitanda kwa vifua, na watoto waliendelea kuzaliwa, maana mtoto hangoji bajeti. Kilichomuuma mkunga kilikuwa nyumbani. Binti yake wa chekechea alipompanda mapajani, mikono ya mama iliishia mabegani mwake, haikukutana.

"Basi nikushike mimi," mtoto alisema.

Wiki hiyo mkunga na wenzake walikwenda kwa waziri. Aliwapokea vizuri. Bila kuinuka kitini alinyoosha mkono, ukapita meza yote ya mkutano, ukafungua dirisha la upande wa pili.

"Mheshimiwa, mbona wako umerefuka?" mkunga aliuliza.

"Hiyo ni posho, mama. Kikomo kinahusu mshahara."

"Sisi tunapokea watoto kwa mikono hii."

"Na serikali inawathamini sana," waziri alisema, akampigapiga begani kutoka kule kule alikokaa.

Mwaka uliofuata kikomo kiliongezewa miaka mitatu. Wodini zililetwa sare mpya, zimeshonwa mikono mifupi kama ya nguo za kitoto. Redio ilieleza ni kitambaa kiasi gani serikali imeokoa, na waziri akapongezwa bungeni. Mkunga alivaa yake mbele ya kioo. Ilimkaa sawasawa. Mumewe akainama, akamfungia vifungo kwa meno, naye akaenda kazini. Kuna mwanamke alikuwa ameshikwa na uchungu.