Sentimita Sabini

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Shangazi alijaza ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya maji matupu, akaanza kazi kwenye tobo. Tobo lilikuwa tumboni mwa sanamu iliyosimama kwenye ukumbi wa mbele wa Ofisi ya Vipimo. Watu wakipita walitupia humo karatasi za pipi, vijiti vya meno, risiti, na mara moja jino la bandia ambalo mwenyewe hakurudi kuliulizia. Ukianza na sakafu, takataka za tobo zitakuja kuangukia mahali ulipokwisha piga deki. Kwa hiyo tobo kwanza.

Sanamu yenyewe ilichongwa kwa gogo moja la mti mgumu mwekundu. Ilikuwa ya mtu, hilo halikuwa na ubishi, lakini mtu wa mtindo wa kisasa: kichwa kidogo kama yai, hakina macho wala mdomo, shingo ndefu, mikono imegandamana na mbavu, miguu miwili minene imenyooka kama nguzo. Kama ni mwanamume au mwanamke, mchongaji hakusema. Kibao cha shaba kiliandikwa MTU AMESIMAMA. Urefu wake ulikuwa mita mbili na sentimita kumi na mbili, ukiacha jukwaa la zege lililokuwa chini ya nyayo, ambalo halikuzidi kimo cha kiganja.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote mle ndani, ila jengo zima lilimwita hivyo, hata mkurugenzi aliyemzidi umri. Alikuwa amefanya usafi pale miaka kumi na tisa na mwezi mmoja. Miaka ishirini ikitimia, ofisi humpa mtu wa usafi kadi ya matibabu ya maisha. Ilibaki miezi kumi na moja. Kadi hiyo aliitaka kwa ajili ya magoti, na magoti yenyewe yalikuwa yamekwisha kwa kuitafuta kadi.

Maana pale watu wa usafi hawakai. Tangazo lilikuwa ukutani, ndani ya kioo: mfanyakazi wa usafi haruhusiwi, akiwa kazini, kukaa kwenye kiti, benchi, ngazi, dirisha wala ndoo. Ndoo iliongezwa kwa kalamu mwezi uliopita, baada ya mwenzake wa ghorofa ya pili kukutwa amefudikiza ndoo na kuikalia, miguu imemvimba. Aliambiwa asirudi. Ukumbini kulikuwa na viti sita vya wageni, laini, vyeupe kama maziwa, ambavyo wageni hawakuvikalia kwa sababu waliitwa juu mara tu walipofika. Shangazi alivipangusa kila siku. Mara tatu aliomba kigoda akiweke kwenye chumba cha ndoo. Mara tatu alijibiwa kwamba kusimama ni sehemu ya kazi.

Basi walisimama wawili, yeye na sanamu. Alimwita Mwenzangu.

Mti wa namna ile ukikosa mafuta hupasuka. Stoo ilitoa kopo moja la mafuta ya mbao kila miezi mitatu, na mwaka huo kopo liliisha mapema. Mtunza stoo akasema sanamu isubiri kama watu wengine wanavyosubiri. Jumatatu moja Shangazi aliona ufa mwembamba nyuma ya goti la kulia la sanamu. Goti la kulia ndilo lililomsumbua na yeye. Mfukoni alikuwa na chupa ya dawa ya kuchua aliyoletewa na mdogo wake, ya kafuri na karafuu, kali ya kutoa machozi. Alitazama ufa, akatazama chupa. Akajipaka kidogo, na iliyobaki kiganjani akaimalizia kwenye goti la mti, akachua kwa dole gumba kutoka chini kwenda juu, kama alivyoelekezwa. Halafu akaona si haki kuchua moja na kuliacha la pili.

Jumanne magoti ya sanamu yalikuwa yamelegea kidogo. Jumatano yalikunjika kiasi cha mtu aliyetaka kuokota kitu akaghairi. Shangazi alichua tena siku zote mbili, kwa kuwa dawa ile haifanyi kazi kwa siku moja. Alhamisi alipofungua mlango, sanamu ilikuwa imekaa. Mgongo wima, mapaja yamelala sawasawa, nyayo juu ya jukwaa. Chini yake hakukuwa na kiti. Ilikaa tu, hewani, na haikuyumba.

Mlinzi wa mlangoni, ambaye alikuwa pale miaka mingi kama yeye na hakuishiwa maneno, aliingia kuchukua ufunguo, akatazama.

"Mwenzio kakaa," alisema.

"Mwache akae. Inakuuma nini?"

"Mimi? Wala. Naona wivu tu."

Shangazi alianza na tobo kama kawaida. Zamani ukichungulia humo uliona saa ya ukutani. Sasa uliona viti vya wageni. Wafanyakazi walipoingia saa mbili, karani wa masijala alisema afadhali, ilikuwa inamzibia saa. Bwana mmoja wa ghorofa ya tatu alisimama mbele yake muda mrefu, kisha akauliza kama lifti imetengenezwa.

Ingekwisha hivyo, lakini Ofisi ya Vipimo hupima na vitu vyake yenyewe mara moja kwa mwaka, mlango kwa mlango na meza kwa meza, watu wa nje wasije wakawacheka. Wiki iliyofuata mpimaji alishuka ukumbini na utepe wake wa chuma na daftari la mali. Alipima sanamu mara tatu. Mara tatu ilitoka mita moja na sentimita arobaini na mbili. Utepe haukutiliwa shaka. Katika jengo lile, kuutilia shaka utepe ni sawa na kumtukania mtu mama yake. Akaandika: pungufu, sentimita sabini, hazijulikani zilipo.

Msimamizi wa usafi alishuka na karatasi mkononi. Alikuwa binti wa rika la mtoto wa mwisho wa Shangazi, na kazi ya kusema watu hakuipenda, kwa hiyo aliifanya akitazama ukuta.

"Shangazi, anayeishika kila siku ni wewe. Zimekwenda wapi?"

"Sijachukua kitu, mwanangu. Nilimpaka dawa ya magoti, akakaa."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya magoti."

Msimamizi aliandika: kwa amri ya magoti. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba Ijumaa kutakuwa na kikao, na sentimita zisipopatikana, ofisi haitakuwa na njia ila kumwachisha. Kadi aisahau.

Chumba cha ndoo kilipekuliwa. Mlinzi aliagizwa akague mkoba wake kila jioni, akawa anaufungua, anakuta miwani, chupa ya dawa na soksi, anaufunga.

"Leo tena hujabeba hata sentimita moja," alimwambia. "Mwizi gani wewe?"

Shangazi alicheka, ila usingizi ulimpungua. Mdogo wake alimshauri jambo la busara: kama dawa ndiyo iliyomkalisha, amwombe asimame, mara moja tu, apimwe, kisha akae zake. Alhamisi asubuhi Shangazi alikwenda mbele ya sanamu na maneno yake tayari mdomoni. Akaligusa goti la kulia. Ufa ulikuwa umefunga. Goti lilikuwa laini, limetulia, kama la mtu aliyekwisha kulala vizuri. Alisimama pale mpaka maji ya ndoo yakapoa. Hakumwomba. Akachukua kitambaa, akatoa karatasi mbili za pipi tumboni, akaendelea na sakafu.

Kikao kilifanyika ukumbini, na vile viti sita vya wageni vilipata watu kwa mara ya kwanza. Mkurugenzi aliletewa cha kwake kutoka juu. Shangazi alisimama saa nzima na nusu, akiegemea kijiti cha deki, wakati maelezo yake yakisomwa na kusomwa tena. Mchongaji naye aliitwa. Alikuwa mzee mwembamba mwenye vidole vilivyokatwakatwa na patasi, na alikuja na tezo lake kwenye mfuko, akidhani ameitwa kazini. Aliizunguka sanamu, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akainama akanusa goti.

"Karafuu," alisema.

"Na kafuri," alisema Shangazi.

Mzee akaitikia kwa kichwa kama fundi anayemsikia fundi mwenzake. Alieleza, bila haraka, kwamba gogo lile lilikuwa limepinda mahali pawili tangu lilipoletwa, na yeye alitaka kulifuata lilivyo. Lakini barua ya ofisi ilisema wanataka mtu amesimama, na yeye alikuwa na watoto wa kulisha, basi akalilazimisha. Miaka yote akipita barabarani hakugeuza uso kuangalia huku.

"Mnatafuta sentimita zenu," alisema. "Hizi hapa." Akalaza kiganja juu ya paja la sanamu, kutoka nyonga hadi goti.

Mpimaji aliinuka na utepe. Akapima, akarudia, akakaza macho.

"Sabini kamili," alisema.

Mkurugenzi alishusha pumzi, na watu sita wakashusha zao. Hakuna kilichoibwa. Kilichokuwa kimesimama kimelala, na daftari litaonyesha hivyo. Shangazi alikiachia kijiti cha deki kikaanguka, na hakuna aliyemlaumu. Nusu saa nyingine ilikwenda katika kuamua kama kibao kipya kiandikwe AMEKAA au AMEKETI, na waliotaka ameketi walishindwa kwa kura moja. Kisha mtu akauliza kama sanamu isiyo na kiti haiwezi kumwangukia mgeni.

"Hakupewa kiti, amekaa bila kiti," alisema mchongaji. "Huyo haanguki. Mama, njoo ukae hapa waone."

Shangazi alimtazama msimamizi. Msimamizi aliondoka kwenye kiti chake, akaenda kwenye tangazo, akalisoma kwa kidole juu ya kioo: kiti, benchi, ngazi, dirisha, ndoo. Alirudia kutoka chini kwenda juu.

"Sanamu haimo," alisema, na kwa mara ya kwanza alimtazama Shangazi machoni.

Basi Shangazi akakaa. Paja lilikuwa pana, limenyooka, na lilimpokea kama linalomjua. Magoti yake yalitoa sauti ndogo, yakanyamaza. Alifumba macho kidogo. Alipofumbua, kwa kuwa alikuwa amekaa na wakubwa wote wapo, akaomba kwa mara ya nne: kigoda kimoja tu, cha ghorofa ya pili, na yule mwenzake aliyekalia ndoo arudishwe. Mkurugenzi alimsikiliza kwa upole sana. Alijibu kwamba kusimama ni sehemu ya kazi, na ikaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Tangu siku hiyo, kila saa nne asubuhi, Shangazi alikaa robo saa mapajani mwa Mwenzangu. Waliopita walimwamkia. Mwezi wa nne tangu kikao, mikono ya sanamu iliachana na mbavu, ikakunjika ikawa kimo cha viwiko vya Shangazi, kama mikono ya kiti. Mpimaji alikuja akaiandika kwenye daftari. Alhamisi kwa Alhamisi Shangazi aliichua sanamu, na chupa ikiisha mdogo wake alileta nyingine, akilalamika kwamba sasa anauguza watu wawili.

Miaka ishirini ikatimia, Shangazi akastaafu. Jumatatu iliyofuata Shangazi alikuja kuchukua kadi, amevaa viatu vya kutokea. Mlinzi alimfungulia mlango akamwita mheshimiwa. Karani alimwambia kadi inapigwa muhuri, asubiri, na kwa kuwa sasa ni mgeni, akaonyeshwa viti vya wageni. Alikaa kwenye kimoja. Kilikuwa laini mno, kikammeza mpaka magoti yakapanda usawa wa kifua. Alijikokota akatoka, akaenda kukaa mahali pake.

Mtu mpya wa usafi alikuwa akipiga deki. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, magoti yake mazima bado, ila ilikuwa siku yake ya kwanza na alikwishaanza kuhamisha uzito mguu kwa mguu. Alikuwa ameanza na sakafu. Shangazi alimweleza habari ya tobo, akamwonyesha ufa ulipokuwa, akatoa chupa kwenye mkoba akampa.

"Alhamisi," alisema. "Chini kwenda juu."

"Sawa, Shangazi. Na sisi huku tunakaa wapi?"

Shangazi alisogea kidogo.

"Njoo. Ana mapaja mawili."

Mwanamke yule alikwenda kwanza kusoma tangazo. Alilisoma lote, mpaka kwenye ndoo. Akarudi, akaweka kijiti chini, akakaa. Mbele yao viti sita vya wageni vilikuwa vimepangwa, safi, havina mtu.