Rubisi ya Kumuaga Tecla

Murukulazo nzima ilikuwa imekunywa jasho la miguu ya Leonidas na haikuwahi kulalamika. Iwe ubatizo, iwe mahari, mtu akitaka rubisi, pombe ya ndizi, ya maana alimwita yeye. Alinawa miguu, akaingia kwenye mtumbwi wa mti wa kukamulia, uliojaa ndizi mbivu na nyasi, akakanyaga huku akiimba mpaka juisi ikatoka.

Ugonjwa wa Parkinson ulimwanzia mkono wa kulia, ukawa unatetemeka wenyewe. Kisha miguu nayo ikajifunza ukaidi: akifika mlangoni inagoma, yeye anataka kwenda, yenyewe imeganda. Hospitalini walimpa vidonge, na Joyceline, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akamuuliza anafanya kazi gani. Aliposikia habari za mtumbwi alifurahi.

“Usiache, mzee wangu. Vidonge peke yake havitoshi. Kanyaga, na ule wimbo uimbe, miguu ikisikia mapigo itakwenda. Ukikaa tu, utazidi kukakamaa. Na huu ugonjwa hauambukizi, msiogopeshwe na watu.”

Mkewe, Domisiana, alikuwepo na alisikia yote.

Na kweli, ndani ya mtumbwi Leonidas alikuwa mzima. Tecla, binti yake wa mwisho, alikaa pembeni akimpigia makofi kama alivyozoea tangu mdogo, na baba mtu akitoka humo alikwenda kisimani na kurudi bila kushikwa mkono. Alikuwa na haja moja tu: siku ya kumuaga Tecla, atembee naye kwa miguu yake mwenyewe mbele za watu, amkabidhi kwa wakwe.

Kisha akaja Celestini, mshenga wa wakwe kutoka Mbuba. Alimwamkia Leonidas shikamoo kwa heshima zote, akaitikiwa marahaba, halafu akazunguka jikoni kwa Domisiana kumwaga aliyotumwa.

“Mama, wakwe wanawapenda sana. Ila wanaomba pombe ikanyagwe na mtu mwingine. Watu wanasema ule mtetemeko unaingia kwenye ndizi.”

Domisiana angeweza kumwambia alichosikia hospitalini. Hakumwambia. Alisema, “Tumeelewa,” akampa na maziwa.

Jioni akamwambia mumewe, “Baba Tecla, sasa upumzike. Watu watasema tunamtumikisha mgonjwa.”

“Joyceline alisema nikikaa nitakakamaa.”

“Joyceline haozeshi binti.”

Leonidas akamtazama Tecla. Tecla akaangalia chini. Angeweza kugoma, lakini posa ikivunjika, lawama zingekuwa za nani? Hasira akaimeza ikiwa nzima.

Mtumbwi ukapelekwa kwa jirani. Watoto wakamnunulia kiti cha plastiki chenye mikono, wakakiweka barazani, na kila mpita njia aliwasifu jinsi wanavyomtunza mzee wao. Akijaribu kutembea migombani, alirudishwa kwa upole, na upole huo ulimuudhi kuliko tusi. Wiki zikapita amekaa. Mgongo ukapinda, hatua zikawa fupi, kuinuka kukawa kazi ya kusaidiwa. Watu hao hao wakasema ugonjwa umemzidi.

Siku ya kumuaga Tecla, rubisi ilikuwa tele. Mshereheshaji akaita, “Baba mzazi amlete binti.” Leonidas aliinuliwa, akamshika Tecla mkono, akaanza kwenda. Walipofika ukingoni mwa zulia jekundu, miguu ikagoma.

Mama mkwe akamwinamia mwenzake, wala hakushusha sauti. “Mnaona? Hii pombe ingekanyagwa na huyu, leo tungekuwaje?”

Leonidas alisikia. Aibu ilimchoma mpaka masikioni. Akamgeukia binti yake, akanong’ona, “Tecla, mama yangu, nipigie makofi. Kidogo tu.”

Tecla alielewa. Mapigo yale aliyajua kuliko mtu yeyote pale uwanjani, na mikono yake haikuwa na kazi nyingine. Akawatazama wakwe waliokuwa wakimtazama. Kisha akamwita kaka yake.

“Leteni kiti cha baba.”

Kikaletwa upesi, Leonidas akakalishwa, Tecla akavuka zulia na kaka yake. Hapo ndipo uwanja mzima ulipopiga makofi, kuwasifu watoto wanaojua kutunza mzazi. Na Leonidas, akiwa ameketi, akasikia miguu yake inaanza kukanyaga.