Wahaj Hashibi

Wahaj alipotimiza miaka minne alikuwa na kilo thelathini na tisa, na mtaa wao pale mjini Daska ulishaamua kwamba kosa ni la mama yake. Majirani walisema Shagufta anamdekeza. Mumewe, Naeem, aliitazama sahani ya mtoto kama mtu anayetazama mita ya umeme.

Msemaji mkuu alikuwa mama mkwe wa Shagufta, ambaye pia ni dada mkubwa wa mama yake mzazi. Shagufta alimwita mama mkubwa tangu utotoni, na ndoa haikubadilisha jina wala ulimi.

"Njaa ya namna hii hufundishwa," mama mkubwa alisema. "Niachie wiki moja. Nimelea watano, hakuna aliyenishinda."

Shagufta alimwachia. Alikwenda kwa mama yake, akalala usingizi siku mbili mfululizo.

Siku ya kwanza mama mkubwa alitia jiko kufuli. Wahaj alilia tangu asubuhi hadi adhuhuri, na hakikuwa kilio cha deko. Siku ya pili alikula unga uliokandwa ulioachwa nje ya jiko, mbichi, bakuli zima. Siku ya nne alikutwa zizini, ameinamia ndoo moja pamoja na nyati wa kufugwa, wa maziwa, kila mmoja akila mashudu kwa upande wake. Aliyeonekana kukerwa ni nyati.

Wiki ilipokwisha, mtoto alikuwa ameongezeka kilo moja.

"Twende Lahore, hospitali kubwa," mama mkubwa alisema.

Huko daktari, mwanamke mmoja mpole aitwaye Rubab, alichukua damu ya mtoto na ya wazazi wote wawili. Majibu yalitoka baada ya wiki sita.

"Mafuta ya mwili hupeleka habari kwenye ubongo kwamba chakula kimetosha," alieleza. "Kwa huyu, habari haitoki. Ubongo wake unaamini kuna baa la njaa. Hakuna aliyemlisha vibaya. Jeni yenye kasoro kapata moja kwa baba, moja kwa mama."

"Ya mama ndiyo iliyoharibu," mama mkubwa alisema.

"Ni kasoro ile ile, pande zote mbili. Wazazi ni ndugu?"

"Mama wa huyu binti ni mdogo wangu."

"Tumbo moja?"

"Tumbo moja, baba mmoja."

Daktari akaandika. Mama mkubwa aliifuata kalamu kwa macho mpaka iliposimama.

Shagufta alikuwa na neno alilolihifadhi miaka minne kwa siku kama hii. Alilitafuta, asilione.

Dawa ipo, daktari alisema, sindano ya kila siku, lakini hutoka nje ya nchi. Angeandika maombi. Huenda ikachukua mwaka.

Ndani ya gari Wahaj alilala mapajani mwa bibi yake, mzigo wa kutosha, na bibi hakulalamika.

"Mwanangu Junaid na mdogo wako wapimwe kabla ya harusi yao," alisema.

"Nguo zimeshashonwa, mama mkubwa."

"Zitangoja."

Walipita mashamba ya mpunga.

"Wiki ile nilimpiga," mama mkubwa alisema. "Kwa sababu ya ule unga."

"Najua. Aliniambia."

Mama mkubwa aliitikia kwa kichwa, akauvuta mtandio wake, akamfunika mtoto miguu.